Mponda Raha wa Quakers Hill

Kuna wanaume hupewa jina wakalivaa kama koti la kuazima, na kuna wanaopewa jina likawakaa kana kwamba fundi aliwapima kwanza. Balagizi alikuwa wa kundi la pili. Jina la mponda raha alilipatia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kwenye harusi moja ambayo genereta lilizimika kabla hata keki haijakatwa. Wageni walishaanza kujitwisha viti vyao warudi navyo makwao. Balagizi akapanda juu ya debe, akaimba kwa mdomo mtupu, akawatania wajomba wa bwana harusi, akacheza mpaka watu wakavirudisha viti chini na kukaa. "Huyu ndiye mponda raha!" akasema mshereheshaji, na tangu siku ile hakuna aliyemwita vingine.

Jina hilo lilipanda naye ndege mpaka Sydney. Wakongo waliosoma Kifaransa walimwita ambianceur, lakini kwenye sherehe kulikuwa pia na Warundi, Wakenya na Watanzania, na hao wote walielewana kwa mponda raha. Akiingia ukumbini na viatu vyake vya ncha, manukato yakimtangulia, watu walipiga makofi kabla hajafanya lolote. Wanaume walilitamka neno hilo kwa wivu. Wasichana walilitamka huku wakicheka, wazee wakitikisa vichwa lakini wakimsogezea kiti. Ajabu ni kwamba lilikuwa sifa ya wanaume peke yao. Mwanamke akiponda raha ana jina lingine, na hilo halitajwi mbele ya watoto. Balagizi hakuwahi kuliwaza jambo hilo, na angeliwaza saa ngapi wakati Jumamosi zilikuwa zinafuatana?

Mkewe Nsimire alikuwa na namna mbili za kulitumia. Mbele ya wageni alisema "mponda raha wangu" na kumpangusa vumbi begani. Wakiwa wawili alisema, "Mponda raha, pipa la taka limejaa," na sauti haikuwa na kicheko ndani yake. Nsimire alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha, na akirudi alikuwa amechoka mno hata kugomba.

Ila aliyelitumia neno hilo kwa moyo wote alikuwa binti yao, Ketsia. Alifika Australia meno ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yameng'oka, na akiwa shule ya msingi alisimama mbele ya darasa akaeleza kwamba baba yake ni mponda raha, maana yake mtu anayefurahisha wengine. Mwalimu alimpigia makofi. Balagizi aliisimulia habari hiyo kwenye kila sherehe, na hakuacha kuongeza kwamba watoto wa wenzake ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, lakini wake anajibu kwa lugha ya nyumbani. Hapo alimwita aje awasalimu wazee mmoja mmoja. Sasa Ketsia alikuwa na miaka kumi na sita na bado alimjibu baba yake kwa Kiswahili. Katika yote aliyokuwa nayo Balagizi, hilo ndilo lililomfanya atembee kifua mbele.

Basi ikaja Korona, na mwaka wake wa pili, miezi ya baridi, serikali ikaufunga mji. Magharibi ya Sydney ndiyo iliyobanwa zaidi. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa na watu walitoka kwenda kazini na dukani tu. Kumbi zikafungwa. Mponda raha akabaki na kazi yake ya ghala kule St Marys, kupanga maboksi, na nyumba ya vyumba viwili huko Quakers Hill.

Nsimire alikuwa akirudi zamu haingii ndani moja kwa moja. Aliingilia gereji, akavua nguo za kazi katika baridi ile, akazifunga kwenye mfuko, akajifunika taulo na kukimbilia bafuni bila kumgusa mtu. "Nisije nikawaletea," alisema. Balagizi alimwona akipita hivyo, miguu peku, akitetemeka, kila siku aliyokwenda kazini. Alimwona, na bado akafanya aliyoyafanya.

Kulikuwa na mwanamke huko Bankstown, mtaa mwingine wa Sydney, anayeitwa Chibalonza, msusi wa nywele, wa kabila la Washi kama wao, mwimbaji wa kwaya moja na Nsimire. Ketsia alimwita tantine, yaani shangazi. Hata rasta zilizokuwa kichwani mwa Ketsia wakati huo, zilizokwisha kuchakaa mizizi, alizisuka Chibalonza kabla mji haujafungwa. Mambo yake na Balagizi yalianza kwenye harusi, yakaendelea kwa simu, na mji ulipofungwa Balagizi akaona heri afe kwa ugonjwa kuliko kwa upweke wa Jumamosi. Ponda mali, kufa kwaja, alijiambia, kama wanavyojiambia wote wanaotaka ruhusa ambayo hakuna wa kuwapa.

Wiki hiyo mfanyakazi mmoja wa ghalani aliugua, na Jumamosi ghala likafungwa lisafishwe. Nyumbani Balagizi hakusema. Alisema ameitwa zamu ya ziada. Alivaa shati lake la hariri, juu yake akavaa kizibao cha kazini chenye mistari ya kung'aa ili polisi wakimsimamisha waone mfanyakazi, na viatu vya ncha akavificha kwenye mfuko wa chakula. Nsimire alimfungia wali na maharage akale mapumzikoni. Wali huo alikwenda nao Bankstown, na waliula pamoja, yeye na Chibalonza.

Ndani ya nyumba ile alikuwamo pia mama yake Chibalonza, mzee ambaye Wakongo wote walimwita Koko, yaani bibi. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu kambini na chanjo aliikataa kwa sababu ya video alizotumiwa kwenye simu. Alikaa karibu na hita, blanketi magotini. Balagizi alimwinamia, akamshika mikono yote miwili, akamwimbia nyimbo za Kishi na kumchezesha mabega akiwa pale pale kitini. Koko alicheka mpaka akakohoa. "We mponda raha," alisema akifuta machozi, "utaniua kwa kicheko."

Jumatatu asubuhi Balagizi alijipulizia manukato, asisikie harufu. Akajipulizia tena. Akafungua kichupa akakisogeza puani, na ilikuwa kama kunusa maji. Akajimiminia hadi kwenye nywele. "Papa!" Ketsia alipiga kelele kutoka barazani, ameziba pua. "Nyumba yote inanuka! Umefanya nini?" Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini hawakusema kwamba siku hiyo mwenyewe hatausikia hata huo ubani.

Walipimwa wote. Balagizi alikutwa na ugonjwa, Nsimire na Ketsia hawakukutwa nao. Nsimire akazuiliwa kwenda kazini, akahamia chumba cha Ketsia, na Balagizi akafungiwa chumba kikubwa peke yake. Simu ya Chibalonza iliita mchana. Balagizi aliigeuza kifudifudi kitandani. Ikaita tena jioni, akaitazama ikitetemeka juu ya shuka mpaka ikanyamaza. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba na mkewe alikuwa upande wa pili. Nitamwambia kesho, alisema moyoni. Alimkumbuka Koko na kikohozi chake, akajigeuza upande wa pili.

Kesho yake, baada ya chai, watu wa afya wakapiga. Dada mmoja, sauti ya upole, aliuliza kama anahitaji mkalimani wa Kiswahili. Kiingereza cha Balagizi kilikuwa cha ghalani, cha inua hapa na weka pale, na kwa maswali kama haya hakikumtosha. Lakini mkalimani hakumtaka. Wakalimani wa Kiswahili Sydney wanahesabika, na Balagizi aliwajua karibu wote, maana alishawachezesha kwenye harusi za ndugu zao. Mkongo mwenzake, Juvénal, alipoumwa kisukari habari zilienea mji mzima, na watu walisema aliyezieneza ni mkalimani. Kwamba Juvénal mwenyewe ndiye aliyejitangaza ili aombewe, hilo watu walilisahau. Balagizi akasema kwa Kiingereza chake, "No, no. My daughter."

Ndilo kosa letu sisi tuliokuja na watoto. Tunawatanguliza mbele ya daktari, benki na mwenye nyumba, wanatusemea, na tunaona fahari. Hatuulizi maneno hayo yakipita ndani yao yanaacha nini.

Ketsia alivaa barakoa akasimama kizingitini. Simu iliwekwa kwenye kiti katikati yao, sauti imefunguliwa. Jikoni Nsimire alikuwa anaosha vyombo, bomba linamwagika.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Dalili zilianza lini, nani wanakaa hapo, Ijumaa alikuwa wapi. Ketsia alitafsiri haraka, na Balagizi, pamoja na homa, aliona raha kumsikiliza.

"Na Saturday, Papa?"

"Kazi."

Ketsia akasema kwa Kiingereza. Yule dada akaeleza kitu kirefu. Ketsia aligeuka taratibu.

"Anasema bameongea na boss yako. Warehouse ilikuwa closed Saturday."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mlangoni. Balagizi alikohoa, akatafuta maji, akayanywa yote.

"Mwambie nilipita kwa watu kidogo."

"Batu gani? Anasema yeye si polisi. Hakuna fine. Anataka tu kujua mulifanya nini, na nani."

Hapo mazoea yakamponza. Maisha yake yote, akibanwa na swali, alikuwa na neno moja la kulijibia, na watu walicheka mambo yakaisha. Akatabasamu nusu. "Mwambie tu baba yako ni mponda raha. Nilikuwa naponda raha kidogo."

Ketsia hakutafsiri. Yule dada aliuliza kama wapo. "Yes," Ketsia alisema, "wait please." Kisha akamtazama baba yake juu ya barakoa.

"Sijui English yake. Papa, mponda raha ni nini?"

"Si unajua, mama?"

"Nilifikiri najua."

Hakuuliza kwa hasira. Balagizi angeiweza hasira. Aliuliza kama mtu aliyepewa kazi na anataka kuifanya sawasawa, na baba yake alilazimika kulishika neno lile mkononi na kulitazama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya debe.

"Ni mtu," alisema, "ni mwanaume anayependa kufurahi."

"Na mama? Mama anapenda nini?"

Jikoni bomba lilifungwa. Nyumba nzima ikawa inasikiliza.

Balagizi alisikia uso unamwaka, na haikuwa homa. Angeweza kusema alikuwa kwa Précieux, au kwa Dieudonné, jina lolote la mwanaume, na mtoto angeamini kwa sababu alitaka kuamini. Ulimi ulikwisha kulishika jina la Précieux. Ndipo yule dada akasema tena, polepole, na Balagizi mwenyewe aliyaelewa maneno mawili, *old* na *hospital*. Ketsia akatafsiri: kama mu nyumba ile kuko mtu muzee, inafaa wamupate leo, si kesho.

Akaiona mikono ya Koko ndani ya mikono yake. Aliona pia simu aliyoigeuza kifudifudi.

"Nilikuwa Bankstown," alisema. Alisema akitazama shuka. "Kwa Chibalonza. Na Koko yuko hapo. Nilimshika mikono."

Ketsia alipandisha mkono mpaka kichwani, akagusa rasta moja, akaushusha. Alilitaja jina lile kwenye simu kwa Kiingereza, herufi baada ya herufi, bila kukosea. Namba ya simu Balagizi aliisema kwa kichwa. Hakuwa na haja ya kuitafuta, na hilo nalo lilisikika.

Lakini kazi ya watu wa afya haiishii kwenye jina. Yule dada aliuliza lingine, na safari hii Ketsia alikawia. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, cha umekula na pole na kazi. Wazazi wake walimpa maneno ya heshima tu, na kwa hili hawakumpa neno. Akageuka akautazama ukuta, kwa maana binti hamwangalii baba yake akimuuliza mambo ya namna ile.

"Anauliza... wewe na Tantine Chiba, mulikuwa karibu? Bila mask?"

"Ndiyo."

"Karibu namna gani? Mulikula pamoja ao... Anasema lazima niulize. Sorry, Papa."

Kwamba aliyeomba msamaha pale ni mtoto, Balagizi hakulisahau tena. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kitanda chake. "Mwambie karibu," alisema. "Karibu kabisa. Jioni yote."

Ketsia akasema. Yule dada akashukuru, akauliza yeye anayetafsiri ana miaka mingapi. "Sixteen," Ketsia alijibu. Kisha yule dada akasema jambo kwa sauti ya chini ambayo haikuwa tena ya maswali, na Ketsia akasema, "It's okay," akakata simu, akaiacha pale kitini, akaenda.

Hakuna aliyepiga kelele. Balagizi aliyangoja matusi ya Nsimire mchana kutwa, aliyahitaji hata, lakini hayakuja. Jioni alisikia kiti kikiburutwa sebuleni, kisha sauti ndogo ya mkasi. Nsimire alikuwa anamfumua Ketsia rasta. Alisikia kila moja ikikatwa ncha, kitana kikishuka, mtoto akivuta pumzi panapouma. Iliendelea hivyo mpaka kichwa kizima kikaisha.

Siku ya pili yake Nsimire alisimama nyuma ya mlango uliofungwa.

"Koko amepelekwa hospitali," alisema. "Pumzi zilikuwa zimempungua. Wanasema wamemuwahi."

"Namshukuru Mungu," alisema Balagizi.

"Mimi namshukuru Ketsia." Kisha, akiwa tayari anaondoka: "Na zile nguo ninazovulia gereji, nilikuwa nakuvulia wewe."

Alilia hapo, mponda raha, uso ndani ya mto ili asisikike. Alilia kama mtu mzima asiyestahili kubembelezwa na anajua hivyo.

Watu wa afya walipopiga tena kumjulia hali, Balagizi alimsikia Ketsia akipokea sebuleni na kusema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba baba yake anahitaji mkalimani. Simu ikasukumwa chini ya mlango kwa mguu. Akaiokota, na sauti aliyoikimbia ndiyo iliyomkuta.

"Hujambo mzee. Mimi ni mkalimani wako leo. Yote utakayosema yatabaki hapa."

Alikuwa Rispah. Mkenya, mpiga vigelegele mkubwa, yule ambaye kwenye kila harusi alikuwa wa kwanza kupaza sauti: mponda raha wetu kafika! Balagizi alijua kwamba amemtambua, kwa kuwa alipotaja jina lake Rispah alimeza mate. Lakini hakulitamka lile jina jingine. Alimwita mzee. Aliuliza kuhusu homa, akauliza kuhusu pumzi, kwa sauti ya mtu anayemwosha maiti na kumfunika pale pale anapomwosha.

"Mzee, daktari anauliza: hapo nyumbani nani anakutunza?"

Balagizi aliutazama mlango. Kila mlo sahani iliwekwa chini mbele yake, imefunikwa, moto. Hakujua tena kama ana haki ya kusema mke wangu, binti yangu.

"Wapo," alisema.

"Wapo akina nani, mzee?"

"Wenye nyumba."

Rispah akatafsiri, na Balagizi, pamoja na uchache wa Kiingereza chake, alilielewa alilosema. *His family*, alisema Rispah. Alimpa neno ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulisema.

Simu ilipokwisha alisikia hatua koridoni na sahani ikiwekwa sakafuni. Kila siku ya maisha yake Ketsia alikuwa akisema, "Papa, karibu chakula." Balagizi alisogea mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye mbao.

"Asante, mama," alisema. "Ketsia. Umekula?"

Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya binti yake, ya adabu, kama anayoitumia kwa majirani.

"Your food's here, Dad," alisema.